Mzee wa Laini Sita

"Usinipe karibu. Nipe ngapi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia kutoka kwake, na nadhani aliyatamka mara nyingi kuliko jina la mkewe. Nilikuwa nesi mpya katika zahanati ya juu kidogo ya soko la Ikonge, nimefika na sanduku moja na viatu visivyofaa matope ya Nyamira. Akaingia mzee mwembamba mwenye koti la kijivu na penseli sikioni, akataka kujua tunapokea wagonjwa wangapi kwa siku. Nikamwambia ni karibu arobaini. Akanitazama kama nimemtukana. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akawahesabu mwenyewe mpaka saa kumi jioni. Walikuwa thelathini na wawili. "Umeona?" akasema, akafunga daftari na kwenda zake. Nilimchukia siku ile, na sitaficha kwamba baadaye nilimchukia tena kwa sababu nzito zaidi.

Watu walimwita Mzee wa Laini, nami nitamwita hivyohivyo. Kazi yake katika ofisi ya simu ilikuwa kupanga. Aliamua waya upite mlima upi, ndani yake ziwe nyuzi za nyumba ngapi, na kutoka kwenye mtambo wetu mdogo pale Ikonge zitoke laini ngapi za kwenda nje, yaani za kufika Nyamira, Kisii, Nairobi na kwingineko. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa roho ya kazi yake. Nyumba, shule na maduka yenye simu yangeweza kuwa mia, lakini laini za kutoka zilikuwa sita tu. Watu sita wakishazungumza na nje, wa saba anasikia mlio wa kukataliwa. Mpangaji anatakiwa kujua huyo wa saba atakuja saa ngapi, na kama shida yake inaweza kungoja.

Mfukoni alikuwa na vipande sita vya mawe ya Tabaka, yale mawe laini ya kuchonga, aliyoyaokota alipokuwa akipima waya wa wachongaji. Akitaka kumwelewesha chifu, mwalimu mkuu au mama muuza ndizi, aliyapanga mezani, kisha akaanza kuyaondoa moja moja. "Huyu anaongea na Nairobi. Huyu anaongea na Nakuru. Huyu ako na shemeji yake Kericho, na hawamalizi leo." Akifika la mwisho alionyesha meza tupu. "Haya, sasa mtoto wako ameungua na maji moto. Utashika nini?" Watu walicheka sana. Mwaka wa kwanza na mimi nilicheka.

Alikuwa na njia zake za kuhesabu ambazo hakufundishwa chuoni. Kupanga waya wa miaka kumi ijayo lazima ujue kila boma lina watoto wangapi, maana kijana wa leo kesho ataoa, atajenga pembeni mwa shamba la babake, na mke wake atataka simu. Lakini nenda kwa mama wa Kigusii umuulize ana watoto wangapi. Atakuambia anao wa kutosha, Mungu amemkumbuka, kisha atakuangalia mpaka uondoke. Watoto hawahesabiwi mbele ya mgeni. Basi Mzee wa Laini alihesabu nguo zilizoanikwa kwenye ua. Kwa Wasabato alipita Ijumaa, siku wanayofua kila kitu ili Sabato iwakute safi. Kwa Wakatoliki kama mimi alipita Jumapili asubuhi, mapema, kabla hatujaanua nguo tulizofua Jumamosi, mikono ameifunga nyuma kama anayetembea tu. Kaptura za shule, sketi, shati la kijana anayeanza kunyoa, vyote vilipata mahali pake kichwani. Kikongwe mmoja alimdhania mpima mashamba aliyetumwa kumega shamba lake, akamfukuza na jembe mpaka barabarani. Mzee akaja zahanati na kisigino kinachovuja damu. Nilipokuwa nikimfunga bandeji akaniambia kwa furaha, "Wavulana wanne, Sista. Nimeona suruali nne kabla anikimbize."

Alikuwa jirani yangu, nyumba yake ikiwa chini ya zahanati, na nusu ekari ya majani chai mlangoni. Aliyachuma kwa mikono yake na kuyapeleka kwenye kituo cha kununulia. Chai yenyewe hakuionja, kwa sababu imani yake ya Kisabato ilimkataza, na akikutembelea ilibidi umpe maji moto na ndimu. Nilimtania kwamba anawapa wengine sumu anayoiogopa mwenyewe. Hilo alilibeba kwa uzito, kama alivyobeba kila kitu, na wiki mbili baadaye alirudi kunieleza, kwa vifungu vitatu, kwa nini mkulima hana hatia ya kile kinachofanyika ndani ya birika la mtu mwingine. Nilikuwa nimeshasahau nilichosema.

Hakuwa mtu rahisi kukaa naye. Aliwakatiza watu maneno. Alisahihisha mahubiri ya mchungaji njiani kurudi nyumbani, hasa kama yalikuwa na miaka ndani yake. Mkewe, mama mpole mwenye kicheko cha chini chini, aliniambia siku moja kwamba walipokuwa wachumba alimwandikia barua na mwishoni akaweka idadi ya siku walizokuwa hawajaonana. "Nilidhani ni mapenzi," akasema. "Kumbe ni ugonjwa."

Jambo lililomtesa zaidi katika kazi lilikuwa salamu. Vitabu alivyofundishiwa vilisema mtu akipiga simu huongea dakika tatu, basi ukijua simu ni ngapi unajua laini ngapi zinatosha. Yeye alikwenda kusimama karibu na kibanda cha simu pale Nyakoe, saa mkononi, akawapima watu wetu. Mfanyabiashara, siku ya kazi, dakika mbili. Lakini mtu anayempigia ndugu yake hajaanza hata kusema kilichompeleka kabla hajauliza hali ya mama, ya ng'ombe, ya mvua, ya mtoto aliyekuwa akikohoa, ya mwalimu aliyekuwa akimpiga huyo mtoto, na mwenzake naye lazima ayarudishe yote kwa zamu yake. Mzee alirudi na takwimu zake amekasirika. Akaandika tangazo kwa mkono, akalibandika ndani ya kibanda cha Ikonge: TAFADHALI SALIMIA KWA UFUPI, WENGINE WANANGOJA. Siku ya pili mtu alikuwa ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu: Wewe ulilelewa na nani?

Na hapa ndipo palipokuwa na kioja chake, kwa sababu katika mlima wote ule hakuna aliyesalimia kwa urefu kama yeye. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa akifanya kazi Nakuru. Kila Jumamosi jua likishazama na Sabato imekwisha, alimpigia. Ofisi ilikuwa imempa simu nyumbani kwa ajili ya kazi, na wakati huo tu ndipo aliitumia kwa mambo yake. Nikipita njiani nilimsikia dirishani, akisalimia kwa Kigusii: "Bwairire, bwairire buya. Na huyo mdogo? Na kifua chake? Na mama yake huyo mdogo?" Sauti ile kavu iliyokuwa ikiwakatiza watu ililainika mpaka ungedhani ni mtu mwingine amekalia kiti chake. Na kwa kuwa alikuwa yeye, kila simu aliandika daftarini imeanza saa ngapi na kwisha saa ngapi.

Zamani, kabla ya mtambo mpya, kulikuwa na mama wa swichi. Aliketi na vifaa vyake masikioni, akichomeka na kuchomoa waya, na alijua sauti zetu sote. Nikimwita na kumwambia nina mgonjwa, alikuwa akiingia katikati ya mazungumzo ya watu bila kubisha hodi: "Nyinyi, tokeni hapo, kuna mtu anakufa." Walitoka. Kisha mtambo wa kujiendesha ukaletwa, na Mzee wa Laini ndiye aliyekuwa ameuombea kwa barua zaidi ya kumi. Ulifunguliwa kwa hotuba na soda. Mama wa swichi akapewa barua ya kumshukuru. Mtambo haukumjua mtu na haukuombwa kitu. Laini sita zikijaa, zimejaa.

Je, sita zilitosha? Ofisi kuu ilikuwa na fomu yake. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa nne asubuhi, mpangaji ahesabu taa ngapi zinawaka kwenye mtambo, kila taa ikiwa laini moja inayotumika. Waliichagua saa nne kwa sababu ya miji. Pale Kisii, maduka ya Wahindi yakishafunguliwa na wenye maduka wakianza kuagiza bidhaa Mombasa, mtambo wa mji huchemka saa hiyo. Kwetu saa nne asubuhi watu wako kwenye majani chai. Mzee alihesabu taa mbili, mara nyingine tatu, siku moja nne. Akaandika kwa miaka kwamba sita zinatosha, na zitatosha kwa muda mrefu, na akaweka sahihi. Hakudanganya hata taa moja.

Lakini Jumamosi hakuhesabu. Jumamosi nusu ya mlima wetu wako kanisani mchana kutwa, simu hazishikwi, na yeye ni mzee wa kanisa, ameketi mbele. Jua likizama, Sabato inakwisha kwa wote kwa dakika moja, na wote wana watoto mjini ambao hawajawasikia tangu wiki iliyopita. Wanakwenda moja kwa moja kwenye simu, wenye simu nyumbani na wanaopanga foleni kibandani. Yeye pia. Akipata mlio wa kukataliwa alikuwa akiweka simu chini, anangoja, anajaribu tena, kama mtu mwingine yeyote, na hata siku moja hakujiuliza. Mtu aliyehesabu kaptura kwenye ua wa jirani hakuwahi kuhesabu saa ile, kwa sababu ndani ya saa ile yeye hakuwa mpangaji. Alikuwa baba wa mtu.

Kwamboka alikuja kujifungua Jumamosi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mimba ya tatu, ametembea mwenyewe kutoka nyumbani na mama mkwe wake akibeba beseni. Mtoto alizaliwa saa kumi na mbili jioni, msichana, akalia vizuri. Kisha damu haikukata. Nilimkanda tumbo, nikamdunga sindano niliyokuwa nayo, nikaendelea kumkanda. Nilipoona imenizidi nikashika simu kuita gari la wagonjwa kutoka Nyamira, nikapata mlio ule. Nikapiga tena. Mara thelathini na moja nilipiga, mkono mmoja kwenye simu na mwingine ukiwa tumboni mwa Kwamboka, waya ukivutika mpaka mwisho wake. Mama mkwe alikuwa akiniuliza, "Wanasema nini, Sista? Wanasema nini?" Nami nikimwambia wanakuja. Simu ilipokubali, gari lilikuwa limeshatoka kwenda upande mwingine. Tulisimamisha lori la majani chai barabarani. Alifariki kabla hatujafika Nyamira, amelala juu ya magunia, na nilikuwa bado nambonyeza tumbo kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Wiki moja baada ya maziko Mzee wa Laini alikuja zahanati. Hakuketi. "Sista, siku ile ulipiga mara ngapi?"

"Thelathini na moja."

Akaandika. "Ulianza saa ngapi?"

"Sikumbuki."

"Karibu saa ngapi?" akauliza. Kwa miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo mara ya pekee aliyoliomba neno hilo.

"Nimekuambia sikumbuki, Mzee. Nilikuwa na mtu anakufa mkononi."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeandika kwenye kitabu cha uzazi, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, na mistari yenyewe ilikuwa miwili. Damu imeanza: saa kumi na mbili na dakika ishirini. Simu ya kwanza Nyamira: saa moja na dakika tano. Kati ya mistari hiyo miwili nilikuwa nikijiambia kwamba nitaimudu. Nilikuwa nimewahi kuimudu mara mbili kabla, peke yangu, na watu wakanisifu kanisani. Nilitaka kuimudu mara ya tatu. Hiyo ndiyo kweli, na niliifungia kabatini pamoja na kitabu. Kama ningemtajia saa niliyoanza kupiga, angeniuliza damu ilianza saa ngapi, maana yeye hakuwahi kuacha safu tupu. Kwa hiyo nilimwacha ateseke. Na ili nisijione mbaya, nikaanza kumchukia. Nilimwambia yeyote aliyenisikiliza kwamba Kwamboka aliuawa na laini sita na mzee aliyeandika zinatosha.

Aliyasikia. Katika mlima kama wetu unayasikia. Jumamosi iliyofuata alikuja mlangoni saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu, akaniomba niende naye kwenye mtambo. "Wewe ni Mkatoliki," akasema. "Unaweza kuandika. Mimi nitatazama tu."

Nilikwenda, sijui kwa nini. Chumba cha mtambo kilikuwa kidogo, kina harufu ya vumbi lililopata joto. Tulikaa kwenye viti viwili. Kila dakika tano yeye alikuwa akitaja taa ngapi na mimi naandika. Sifuri. Sifuri. Moja. Jua likaanza kushuka upande wa Kisii. Mbili. Kisha, kama vile mtu amefungua lango la zizi, tatu, tano, sita. Sita. Sita. Sita. Taa zote ziliwaka na hazikuzima tena. Moja ilikuwa ikikatika na kabla hujapepesa macho mwingine ameshaichukua. Nilikuwa nimeandika sita mara kumi na nne nilipomtazama. Mikono yake ilikuwa magotini, na mdomo ulikuwa ukisogea bila sauti. Sikujua kama anaomba au anahesabu.

Tulifanya hivyo Jumamosi nane. Wazee wa kanisa wakamwita. Mkewe alinisimulia yote. Walimuuliza alikuwa akifanya nini ofisini kabla Sabato haijaisha, akasema alikuwa akitazama taa. Wakamuuliza, kwa ajili gani? Kwa ajili ya kuzihesabu. Mmoja wao, rafiki yake wa tangu utoto, akajaribu kumwonyesha mlango: "Lakini hukuandika, si ndiyo? Alikuwa anaandika yule nesi." Angeweza kupita hapo. Akasema, "Hapana. Ilikuwa kazi. Niliifanya mimi." Wakamvua uzee wa kanisa. Akahamia benchi la mwisho karibu na mlango, akaimba kutoka hapo kwa miezi, na wakati wa sadaka hakuna aliyejua amtazame vipi.

Takwimu alizituma Nairobi. Zikarudi baada ya mwezi na nusu na karatasi moja juu yake: fomu haina safu ya Jumamosi, tafadhali jaza kama ilivyoelekezwa.

Alikuja nayo zahanati, akaketi kwenye meza yangu. Nilikuwa nikifunga pamba. Alitoa fomu mpya, akaitazama muda mrefu, kisha akaanza kujaza. Chini ya Jumanne, saa nne asubuhi, akaandika sita. Saa nne na dakika tano, sita. Nilisogea nyuma yake nikaona anachofanya. Alikuwa akizihamisha Jumamosi zetu, moja baada ya nyingine, na kuzipa majina ya siku za kazi. Mwandiko wake uliokuwa umenyooka kila siku ulikuwa unapanda na kushuka.

"Mzee," nikasema, "hii si wewe."

"Kila namba hapa ni ya kweli," akasema. "Ni siku tu nimehamisha." Kisha akaweka kalamu, akatoka nje, akasimama kwenye ukingo wa bustani amenipa mgongo. Sikutoka kumfuata. Nilikuwa bado namchukia, na zaidi ya hapo nilikuwa naogopa. Mtu aliyeweza kujifanyia hivyo ili kurekebisha kosa lake angenifanya nini mimi niliyekuwa na kosa kabatini?

Ilichukua karibu miaka miwili. Walileta laini nne zaidi. Hakukuwa na hotuba wala soda. Jumamosi moja nilikuwa na mtoto wa degedege, nikashika simu jua likizama, nikapiga, ikaita, wakapokea. Ilikuwa rahisi hivyo. Niliweka simu chini nikalia mbele ya mama wa mtoto mpaka akadhani mtoto wake amekufa.

Mzee wa Laini aliendelea kuniuliza. Si kila siku, wala si kila mwezi, lakini nilijua swali liko pale kila tulipokutana njiani. Tungesalimiana, tungezungumza juu ya bei ya majani chai na mvua, halafu angesema, "Hujakumbuka ile saa?" Nami ningesema, "Sijakumbuka." Tuliishi hivyo. Yule mtoto wa Kwamboka alikua akilelewa na bibi yake, akaanza shule, akawa anapita mbele ya zahanati na sare iliyomzidi ukubwa. Akipita nilikuwa nikitafuta kazi ya kufanya ndani.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini ofisi ya simu ilianza kupunguza watu, na yeye akawa miongoni mwa wa kwanza kupewa barua. Sukari ilikuwa imeshaanza kumla. Ilimchukua vidole vya mguu, kisha macho yakaanza kufifia, akawa hatoki tena kitandani. Nilikuwa nikienda kumsafisha kidonda Jumatatu na Alhamisi, na kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa maneno, hatukuzungumza mengi. Jumatano moja mkewe alipanda mlima mpaka zahanati. Alikuwa akihema. "Mzee anakuita. Anasema uje na kitabu."

Sikumuuliza kitabu gani.

Kitabu cha uzazi hakitakiwi kutoka zahanati. Nilikiweka ndani ya kapu, nikakifunika kwa khanga kama mwizi, nikateremka. Alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, amenyolewa ndevu. Daftari lake la simu lilikuwa magotini, lile la zamani, limefunguliwa tayari.

"Keti, Sista," akasema. "Nisomee hapa, macho hayafiki."

Nikasoma. Jumamosi ile. Nakuru, kijana. Imeanza saa kumi na mbili na dakika hamsini na mbili. Imekwisha saa moja na dakika thelathini na moja.

"Ni dakika thelathini na tisa," akasema. "Nilikuwa nikimuuliza habari za mtoto wake anayekohoa. Mchungaji amenisamehe, Sista. Alinisamehe hata sijafika kwenye dakika. Watoto wangu wamenisamehe. Wote wanasema, Mzee, hukujua. Nataka mtu mmoja anipe saa."

"Kulikuwa na wengine watano kwenye laini," nikasema. "Hata wewe ungekata, mwingine angechukua."

"Labda. Lakini hao watano hawakupanga laini."

Nilikuwa nimekwenda na nia ya kumsomea mstari mmoja. Niseme kweli: njiani nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyoweka kidole juu ya mstari wa kwanza na kumsomea wa pili, kwa kuwa haoni. Nilifungua kitabu. Nikaweka kidole. Nikasoma, "Simu ya kwanza Nyamira, saa moja na dakika tano."

Alifumba macho. "Basi nilikuwa ndani," akasema. "Nilikuwa ndani kwa dakika ishirini na sita." Machozi yalishuka pembeni na hakuyafuta. Alipumua kama mtu aliyeshusha mzigo, ingawa mzigo ulikuwa palepale. Alinishukuru. Alinishika mkono akanishukuru mimi, niliyemficha miaka yote hiyo, nikiwa na kidole changu juu ya mstari ule.

Sikuweza. Nikakitoa kidole. "Kuna mstari mwingine juu yake," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ngeni masikioni mwangu. "Damu imeanza, saa kumi na mbili na dakika ishirini."

Jikoni mkewe alikuwa akikoroga uji, nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Nilingoja aseme kwamba sikujua, kwamba nilijitahidi, kwamba Mungu anaelewa. Hakusema hata moja.

"Arobaini na tano," akasema.

"Ndiyo."

"Kabla ya kupiga."

"Ndiyo, Mzee. Nilidhani nitaimudu."

Akapapasa chini ya mto wake mpaka akapata penseli, akanipa pamoja na daftari. "Andika," akasema. "Yangu na yako. Usiache kitu."

Nikaandika. Niliandika zote mbili kwenye mstari mmoja, thelathini na tisa na arobaini na tano, na hatukuzijumlisha. Kisha nikainamisha kichwa kwenye blanketi lake nikalia kwa sauti, na yeye hakuniambia ninyamaze.